Injini Isiyo na Namba

Watu wa upande wa Nyarubungo bado wanabishana injini ile ilitoka wapi. Wako wanaosema ilikuwa ya mashine ya kusaga ya kijiji, wako wanaosema ilitoka Uganda na wanajeshi, na juzi kijana mmoja aliniambia usoni kwamba mume wangu aliitengeneza mwenyewe kwa vyuma chakavu. Mume wangu alikuwa fundi, hakuwa Mungu.

Injini ilichimbuliwa shambani kwangu, chini ya migomba. Nilikuwa nimepalilia juu yake karibu mwaka mzima.

Mwenye injini alikuwa mfanyabiashara wa Biharamulo mjini, mwenye pikapu ya kubebea kahawa na maharage. Yeye na mume wangu walikuwa wamechanjiana kabla sijaolewa kutoka kwetu Mabawe: kila mmoja alichanjwa tumboni, akala punje ya kahawa iliyopakwa damu ya mwenzake. Ndugu wa kuchanjiana anamzidi ndugu wa tumbo moja, maana huyu umemchagua mwenyewe. Siri yake huitoi. Ukiitoa, tumbo linavimba unakufa, na watoto wako wanakufuata. Padri alitukataza kuyaamini hayo. Tulimwitikia, tukaendelea kuyaamini.

Vita na Uganda vilipoanza, magari ya watu binafsi yalikusanywa kwenda kubeba askari na risasi mpakani. Mfanyabiashara akaogopa kwamba pikapu yake haitarudi. Alikuja jioni moja kumchukua mume wangu, wakang'oa injini kwake, wakaipaka grisi, wakaifunga kwa ngozi ya ng'ombe na kuja kuizika kwetu. Waliokuja kuchukua gari walikuta bodi juu ya mawe, wakatukana, wakaenda zao.

Vita vikaisha, lakini mfanyabiashara hakuirudisha kwenye pikapu. Gari lililokufa wakati wa vita likifufuka baada ya vita, watu huuliza maswali, na siku zile mtu kuitwa mhujumu uchumi ilitosha kumpeleka ndani. Akamwambia mume wangu, "Itumie wewe kwanza, ndugu yangu. Mambo yakipoa tutaongea."

Mume wangu hakungoja kuambiwa mara ya pili. Ujanani alifanya kazi Uganda, akayaona magari ya mashindano ya masafa marefu yakipita katika vumbi, na ugonjwa ule haukumtoka. Alitaka kuunda gari lake mwenyewe, jepesi, la kukimbia siku nzima bila kuzimwa. Alichukua fremu ya Landrova iliyotupwa nyuma ya karakana ya misheni alikofanya kazi, akaikata, akaiunga upya. Milango hakuweka. Rejeta aliipeleka nyuma, akaiongezea tanki la maji alilolichomelea kwa madebe mawili. Majirani walicheka. Mimi nilicheka na kukasirika, kwa sababu jembe langu lilikuwa limevunjika, wiki ya pili sasa, na fundi wangu yuko kwenye madebe.

Kosa letu ni hili. Kabla ya kuifunga injini, alichukua tupa akafuta namba zake zote, ili zisije zikamfikisha mtu kwa ndugu yake. Mimi nilimshikia gunia chini ili ungaunga wa chuma usidondoke uani. Tulidhani tunamlinda mtu. Hatukufikiri kwamba mbele ya polisi injini iliyofutwa namba ni ya wizi tu, hata uje na malaika wa kukushuhudia.

Jaribio lilikuwa kwenda hadi Nyamiaga na kurudi bila kuzima. Aliondoka Jumapili alfajiri. Wakati huo Jumapili magari hayakuruhusiwa barabarani kuanzia saa nane mchana, kwa ajili ya uhaba wa mafuta, na alipiga hesabu kwamba saa sita angekuwa nyumbani anakula. Mvua ilikuwa imekata njia, akazunguka, na saa tisa askari wakamsimamisha kwenye kizuizi cha barabarani. Wakamwambia azime. Akawaomba wamwandikie kosa lake injini ikiwa inanguruma, maana akizima jaribio limeharibika. Mtu mwenye akili timamu angezima. Ombi lile ndilo lililowafanya wafungue boneti.

Polisi walipoona haina namba wakasema ni nyara ya vita. Mwenyekiti wa kijiji naye akaja na wazee wawili, akaigonga kwa fimbo. "Hii ni mali ya kijiji," akasema, ile ya mashine ya kusaga iliyopotea tulipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Wote walikuwa wakweli kwa jinsi walivyoona. Aliyekuwa na ukweli wenyewe alikuwa mahabusu, amefunga mdomo.

Nilimpelekea ugali na maharage. Nikamwambia nitasema.

"Usiseme."

"Wewe ndiye uliyechanjiana. Mimi sikula kahawa ya mtu."

"Tunakula chungu kimoja," akasema. "Ukisema wewe, nimesema mimi. Fikiria watoto."

Nikaenda kwa mfanyabiashara. Alinipa chai, akalia mbele yangu, mtu mzima. "Shemeji, nikijitokeza tutafungwa wawili badala ya mmoja. Nitawatunza nyumbani." Wakati wa kuondoka alinipa kilo ya sukari, na sukari ilikuwa haionekani. Niliipokea. Hadi leo naona aibu kwa sababu ya sukari ile.

Hakimu alimpa miaka miwili. Mwezi wa kumi na moja wa kifungo tukaletewa habari kwamba ameharisha damu, amekufa, ameshazikwa huko huko gerezani. Hatukuonyeshwa kaburi. Nilimlaani kwa ukaidi wake, kisha nikalia hadi sauti ikakauka.

Miaka mitatu baadaye mfanyabiashara alikuja kwangu amevaa koti, na kadi ya pikapu mkononi. Mambo yalikuwa yamepoa. Alishakwenda polisi, akaambiwa injini atapewa akipata mtu wa kuthibitisha kwamba ni yake. "Shemeji, aliyeiona ikizikwa ni wewe peke yako uliyebaki."

Nilijifunga kitenge, nikaenda naye.

Ilikuwa nyuma ya kituo, majani yameizunguka. Askari wa zamu alikuwa mpole. Akaniuliza, "Mama, unaifahamu injini hii?" Mfanyabiashara alikuwa kando yangu akitikisa kichwa kunihimiza, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Niliinama nikaiangalia vizuri. Pale palipokuwa na namba niliona mikwaruzo ya tupa ya mume wangu.

"Siifahamu, afande," nikasema. Akaniuliza mara ya pili, nikajibu vile vile, nikaweka dole gumba kwenye karatasi.

Njiani mfanyabiashara alinifuata nyuma akihema. Aliniita shemeji mara nyingi, akaniuliza kwa nini nimemfanyia vile, yeye aliyekuwa ndugu wa marehemu. Nikasimama nikamgeukia.

"Siri yako ninayo, shemeji," nikamwambia. "Sijaitoa."