Nyumba za Wakubwa wa Maryland na Kiwanja cha Mama

Nilikwenda Marekani kuchukua neno moja tu: ndiyo ya dada yangu Edina. Wengine huenda kutafuta kazi, wengine kusoma. Mimi kazi ninazo za kugawa, na shule niliiachia darasa la tano, na bado wenye digrii wananiamkia pale Makambako. Nilianza na viazi vya kuchemsha kwenye beseni kando ya barabara kuu. Leo nina yadi ya mbao na malori yanayojulikana mpaka Tunduma. Kilichokuwa kimebaki ni gesti ya ghorofa, na kiwanja cha kuijenga ni kile kinachotazamana na barabara, ambapo iko nyumba ya marehemu mama, vyumba viwili na jiko la nje. Mama alituachia sote wawili, mimi na dada, akasema asiiguse mmoja mpaka mwenzake akubali. Kila nikimpigia dada simu, jibu lake lilikuwa lile lile: "Njoo uniambie tukiwa tunatazamana." Basi nikapanda ndege, nikaenda kumtazama.

Uwanja wa ndege wa Dulles nilipokewa na dada mwenyewe na binti yake Upendo, ambaye ndiye aliyeshika usukani. Dada ni mkubwa kwangu, ameishi huko miaka mingi akilea wazee wa watu majumbani mwao. "Shikamoo dada," nikasema. Akaitikia, kisha akaniongezea salamu ya kwetu, "Kamwene," katikati ya Wazungu na masanduku yao, mpaka nikajisikia kama nimeshuka stendi ya Njombe. Upendo anakisikia Kiswahili chote, hata utani, ila jibu lake linatoka kwa Kiingereza, na dada ananitafsiria.

Tulipokuwa tunapita Sterling nikaona majengo marefu ajabu, hayana dirisha hata la kuchungulia. Nikawaambia hayo ni maghala ya mahindi, kwa ukubwa ule wangeweza kulisha mkoa. Upendo akacheka mpaka akapunguza mwendo. Kumbe ndani ni kompyuta tupu, zimepangwa safu kwa safu, zinapulizwa upepo usiku na mchana zisipate joto. Nikasema hata mahindi yanataka upepo. Dada akasema, "Ameanza."

Oxon Hill anakoishi dada ni upande wa Maryland, karibu na mto Potomac. Ukisimama kibarazani kwake unaona kwa mbali gurudumu kubwa la kupandisha watu juu likizunguka taratibu na taa zake. Baada ya chakula nikaingia kwenye hoja. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya gesti aliyonichorea fundi: ghorofa, vioo vya bluu, maegesho ya malori mbele. Akaitazama muda mrefu.

"Nzuri," akasema.

"Kwa hiyo ndiyo?"

"Nimesema nzuri. Kunywa chai."

Mimi si mtu wa kukaa bure. Nikamwambia, kama hujawa tayari kujibu, basi nionyeshe nyumba za wakubwa wa huku, niibe mitindo ya ngazi na madirisha. Akasema kaunti yao, kama wilaya kwetu, imejaa hizo, na makumbusho, na kumbi za picha, na yeye mwenyewe hajawahi kuziona zote kwa sababu ya kazi. Alikuwa na mapumziko, na Upendo naye.

Ijumaa asubuhi tukaanza na makumbusho ya ndege za kale, kando ya uwanja mdogo ambao ndege bado zinatua. Ndugu zangu, nilichokiona pale nakisimulia mpaka leo. Ndege za kwanza zilikuwa mbao na kitambaa. Mbao! Nilizisogelea nikazichungulia maungio, nikamwambia mzee aliyekuwa akitutembeza kwamba mimi nauza mbao na sijawahi kuruhusu kipande chembamba vile kitoke yadini hata kwa kutengenezea kiti. Dada akatafsiri. Mzee akaniuliza kama ningethubutu kuruka nayo. Nikamjibu kwamba mtu aliyeshuka mlima Kitonga na lori lililokufa breki haogopi kitambaa. Akanipa mkono. Upendo akatupiga picha, na picha hiyo iko ukutani ofisini kwangu, njooni muione.

Mchana wa siku ile tukaingia kwenye ukumbi wa picha za wasanii weusi, ghorofa ya chini ya jengo la kawaida tu, pembeni ya duka la nywele. Nilidhani nitachoka. Sikuchoka. Kulikuwa na picha ya mwanamke anapiga pasi, yote imechorwa kwa bluu, mwanamke bluu, pasi bluu, shati bluu, na bado unasikia joto la ile pasi. Nikasimama pale hadi dada akanivuta shati. Nikamwambia ile ndiyo picha ya kuweka mapokezi kwenye gesti, mgeni akiingia ajue shuka zimenyooka. "Wewe kila kitu kinaishia gesti," akasema. Nikamwambia ndiyo maana nimefika nilipofika.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya nyumba yenyewe. Dada aliniambia tu, "Kesho tunakwenda kutembelea nyumba kubwa ya kale, ya tajiri wa tumbaku." Nikavaa suti. Nikachukua na pakiti ya majani ya chai ya Njombe na chupa ya asali niliyokuwa nimembebea dada, kwa sababu mimi, hata niwe na haraka ya namna gani, sijawahi kuingia kwenye nyumba ya mtu mikono mitupu. Dada aliuona mfuko, akanyamaza. Baadaye alikiri alinyamaza makusudi.

Saa nne tukafika. Nyumba ya matofali mekundu, juu ya kilima, madirisha mengi yaliyopangwa kwa usawa mpaka raha. Mlango ulikuwa wazi. Nikasimama kizingitini kama mtu mwenye adabu nikabisha hodi. Akatoka mama mmoja mweusi, mvi zimejaa, kitambulisho shingoni, jina lake Loretta. Nikamnyooshea mfuko kwa mikono miwili, nikamwambia dada amweleze kuwa ni zawadi kwa mwenye nyumba.

Dada akaeleza huku akiuma midomo. Bi Loretta akatazama mfuko, akanitazama mimi.

"Mwenye nyumba alishakufa zamani," akasema.

"Poleni. Basi wapewe warithi."

"Hakuna warithi. Nyumba ni ya kaunti. Mimi nawaongoza wageni tu."

"Sasa hapa analala nani?"

"Hapa halali mtu."

Nikabaki na chai yangu mkononi. Nyumba yote ile, halali mtu, na kila asubuhi inafunguliwa na kufagiliwa. Upendo alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanatikisika.

Bi Loretta akatutembeza. Siwezi kuwaficha, nilifurahi kama mtoto. Ngazi zinapanda zikizunguka bila nguzo ya katikati, mkono wa kushikia umechongwa kutoka mti mmoja. Nikapiga magoti kuchungulia chini yake, suti na yote. Kuna sebule ya wanaume na sebule ya wanawake, vyombo vya fedha, kinanda. Ila kila mlango umefungwa kamba nene nyekundu kwa kukatiza, unatazama kutokea nje yake. Chumba cha kulala kitanda kimetandikwa, shuka zimenyooka, na hakuna atakayekilalia. Kulikuwa na kiti kizuri upande wetu wa kamba, nikataka kupumzisha miguu. Bi Loretta akanigusa bega. Hairuhusiwi kukaa.

Dada alikuwa amesimama kwenye kamba ya chumba kile cha kulala. Nikamwona ameishika.

"Hivi ndivyo itakavyokuwa," akasema kwa Kiswahili, pole pole.

"Nini?"

"Tembea kwanza."

Nyuma ya nyumba, kwenye nyasi, tukakuta nguzo za mbao zimesimamishwa na kuunganishwa juu, umbo la kijumba, bila ukuta wala paa. Nikasema hapa fundi ametoroka kazi. Bi Loretta hakucheka. Akaeleza kwamba hapo walikaa watumwa waliofyatua matofali ya nyumba ile na kulima tumbaku iliyoijenga. Nyumba ya bwana ilitunzwa. Yao iliachwa ikaanguka, ikaondolewa, hadi watu wakasahau ilipokuwa. Wataalamu walichimba ndipo wakaona mawe ya msingi, na zile nguzo ziliwekwa ili mtu ajue tu kwamba hapa palikuwa na mlango, na hapa watu walilala. Alisema wazee wa kwao walitoka mashamba kama hayo, na hajui yupi alikaa wapi.

Nikampa mfuko. Nikamwambia dada atafsiri hivi: kwa kuwa umetupokea, leo mwenyeji ni wewe. Bi Loretta akafikiri kidogo, akasema ndani chakula hakiruhusiwi, lakini benchi la uani halina kamba. Akaleta maji ya moto kwenye chupa yake, tukanywa chai ya Njombe pale na asali. Akaisifia. Nikamwambia bado hajaonja ya mvua za masika.

Alipokwenda kupokea wageni wengine, Upendo naye akarudi kwenye gari, dada akaniambia lililokuwa moyoni mwake.

"Festo, nikija Makambako, nitafikia wapi?"

"Kwenye gesti. Chumba cha juu kabisa, chenye roshani. Hulipi hata senti."

"Na ufunguo nitauomba mapokezi?"

"Watakupa. Wote watajua wewe ni dada wa bosi."

"Na kamba nyekundu kama ile, utaifunga wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Huku nimelala miaka yote kwenye vyumba vya wageni vya watu," akasema. "Namlea mzee, akifa nafunga begi. Hata fleti ninayokaa ni ya kupanga. Ile ya mama ndiyo nyumba pekee duniani ambayo mtu akibisha hodi, mimi ndiye wa kumwambia karibu. Lakini nimechoka kukukatalia. Wewe ndiye uliyeko. Bomoa. Ndiyo yako hiyo, ichukue."

Nilikuwa nimepata nilichokifuata ng'ambo ya bahari. Kutoka pale mpaka Oxon Hill sikuitoa simu mfukoni kumpigia fundi, jambo ambalo wanaonijua hawatalisadiki.

Siku ya kuondoka, Dulles, dada alinishika mkono akaniambia nisisahau kuokoa jiwe la kusagia la mama kabla ya kubomoa. Nikaitikia tu, kwa sababu nilikuwa bado nabishana na nafsi yangu, na nafsi yangu ni mbishi kama mimi.

Makambako nilimkuta fundi ameshapigilia vigingi kuzunguka nyumba ya mama, anangoja neno. Nikamwambia ang'oe, akapigilie nyuma.

"Bosi, gesti ya ghorofa ijifiche nyuma ya kibanda?"

"Nyuma ya nyumba ya dada yangu. Na uinue ghorofa moja zaidi, ionekane."

Ndivyo ilivyojengwa. Maegesho yamebanana, madereva wananung'unika, na washindani wangu wamecheka hadi wamechoka. Wacheke. Ngazi zangu zinazunguka bila nguzo ya katikati, hamna nyingine kama hizo kutoka Mafinga mpaka Songea.

Nilichojifunza safarini ni kwamba nyumba kubwa mtu yeyote mwenye nguvu anaweza kuijenga, mimi ni ushahidi. Kazi ni kuwa na mtu ambaye ni yake kweli, wa kukwambia pita, wa kukwambia kaa. Bila huyo umejenga kitu cha kutazamwa.

Mwezi uliopita dada alikuja. Asubuhi nikamwendea mbio, nataka nimpandishe ghorofani akaone mji wote. Alikuwa jikoni kwa mama anapuliza moto, kanga kiunoni, moshi umejaa.

"Ghorofa halikimbii," akasema bila kugeuka. "Kaa hapo kwenye kigoda, ule kwanza."

Nikakaa.