Siku Walipomkana Mchumba Wangu

Mjomba wangu alifundisha tamthilia za kale za Kiingereza huko Tanga mpaka akastaafu, na waliomezeshwa tamthilia hizo ni sisi wapwa zake. Wenzetu walisimuliwa hadithi za sungura. Sisi tulisimuliwa wafalme waliosalitiwa, mabinti waliovaa suruali wasitambulike na watumishi waliowazungusha mabwana zao mpaka wakajichanganya wenyewe. Mistari ya wafalme wanaokata roho alikuwa nayo yote kichwani, na aliitoa mezani hata chai ikapoa. Nilimpenda kupita kiasi. Nilipotaka kuoa hapa Kigali, ninapofanya kazi katika ghala moja Masoro, sikuwaza mara mbili nani awe msemaji wetu.

Siku ya kuposa, ambayo Wanyarwanda huiita gusaba, bwana harusi hasemi. Mzee wake humwombea, na mzee wa upande wa binti hujibu, watu wote wakisikiliza. Nilimwambia mjomba atarajie mizaha. Akanikata kauli: "Mwanangu, mizaha nimeifundisha mimi. Wewe utanifundisha nini?"

Basi tukaketi chini ya hema nyumbani kwa kina mchumba wangu, Kagarama, pande mbili tukitazamana. Furaha ilinijaa mpaka kooni. Mjomba akasimama na koti lake jipya, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba tumeona ua katika nyumba hii na tunaliomba. Msemaji wao, mzee jirani aliyechaguliwa kwa ajili ya ulimi wake, akamtazama kwa huruma.

"Mzee, pore sana," akasema kwa Kiswahili cha kwao. "Hapa hakuna musichana kama huyo. Ule mwenye munasema, tulisha mupatia bwana. Iko Uraya. Iko na mutoto."

Hakucheka hata kidogo. Ndivyo inavyochezwa: lazima wamkane binti kwanza, na anayekana vizuri husifiwa mtaa mzima. Kigali nzima inajua. Mwalimu mzima wa tamthilia, mtaalamu wa hila zote za jukwaani, hakujua! Nikaona shingo yake inavimba.

"Ameolewa?" akauliza, kisha akatugeukia. "Inukeni. Hatukutoka Tanga kuja kudhalilishwa."

Na shangazi zangu wakaanza kweli kuokota mikoba! Nikamvuta mjomba koti, nikamnong'oneza kwamba ni mchezo. Akaupiga mkono wangu kofi. Nilitamani kupiga kelele. Mzee akishatoka na hasira zake, posa imevunjika, na mke niliyemsubiri kwa hamu ningemkosa hivihivi, mdomo wangu umefungwa na mila.

Mjomba alikuwa ameshapiga hatua moja. Ndipo yule msemaji, akidhani haonekani, akawageukia watu wake na kuwakonyeza. Mama mmoja akaziba kicheko kwa pindo la vazi lake.

Mjomba akasimama palepale. Miaka yote alituambia kwamba katika tamthilia zile mjanja hawezi kukaa na ujanja wake peke yake. Lazima ageuke pembeni awaonjeshe watazamaji. Nikauona uso wake ukifunguka. Loo, nilimjua mjomba wangu! Akafunga vifungo vya koti taratibu.

"Samahanini, wazee," akasema kwa sauti ya unyenyekevu wa uongo mtupu. "Kumbe tumepotea njia. Nyumba tuliyoelekezwa ni ya jirani yenu. Tunasikia binti wa kule ni mzuri zaidi. Kwaherini."

Hema likalipuka! Msemaji wao akaruka kutoka kitini. "Oya, oya! Musiende! Ngoja kwanza, tutafute ndani, pengine amerudi!"

Watu wakapiga makofi na vigelegele. Wazee wawili wakajibizana, mmoja akitega, mwingine akitegua, mpaka yule mzee akanyoosha mikono na kusema tumepewa binti, aitwe. Mjomba akainua kidole.

"Ngojeni. Bado sijawaambia habari ya ng'ombe wetu wa mahari anayejua kuimba."

Hapo nikashindwa. Nikasimama, mimi nisiyeruhusiwa neno, mbele ya wakwe zangu wote.

"Mjomba, inatosha! Mimi nataka mke!"

Vichwa vyote vikanigeukia. Mjomba akanikodolea macho. Kisha, kutoka ndani ya nyumba, mtu akaangua kicheko, na kicheko kile ningekitambua popote. Nikaketi, nikaukazia macho mlango.