Usimsingizie Mungu

Ukitaka kumjua Mama Tone, acha bomba livuje mbele yake uone. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na wachunga ng'ombe wake, waliochoka kuhubiriwa kila siku habari ya tone moja la maji, na yeye akalipokea bila kununa. Kwake maji ya kuoshea vyombo hayamwagwi, yanakwenda kwenye miche ya malisho nyuma ya jiko. Mgeni akibakiza maji kwenye glasi ataulizwa kama ni mgonjwa. Watu walimcheka sana, lakini kiangazi kilipobisha hodi, wote waliijua njia ya kwake.

Hakuzaliwa hivyo. Aliolewa kwenye ranchi ya ng'ombe akiwa msichana wa kucheka ovyo, na mwaka wa kwanza tu ukame ukafyeka mifugo. Yeye na mumewe walivuta mizoga kwa kamba mpaka viganja vikachubuka, na kila Jumapili walipiga magoti kanisani kuomba mvua. Mvua ikaja, tena kwa fujo. Bibi harusi akasimama mlangoni akayaona maji mekundu yakipita kwenye korongo, yakiruka mifupa ya ng'ombe wake, yakienda zao. Hapo ndipo hasira ilipomwingia, na haikutoka tena.

"Mungu ameshajibu," alimwambia mumewe. "Sisi ndio hatuna pa kupokelea."

Wakaanza kuchimba. Kanisani kuna walionong'ona kwamba anayechimba hana imani, eti anamsaidia Mungu kazi. Aliwajibu kwamba imani yao ni ya kukinga mdomo. Yeye, mumewe na mdogo wa mumewe walipanga mawe kwenye makorongo ili kuyapunguzia maji mbio, wakainua tuta la udongo wa mfinyanzi, na nyuma ya tuta wakapata lambo. Wakalizungushia uzio, ng'ombe asikanyage humo. Wakamjengea birika la kunywea huko chini, nje. Na pembeni mwa tuta wakaacha njia pana iliyosakafiwa mawe, ya kupitishia maji yakizidi. Shemeji yake, yaani huyo mdogo wa mume, ndiye aliyepanga mawe ya njia hiyo kwa mikono yake. Hilo ulishike, maana ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Mume alipofariki, ranchi ilibaki kwa hao wawili: mjane mkali na shemeji mpole, ambaye siku hizi ni mzee wa kanisa na ana maneno ya asali. Mwaka mmoja mvua zilikuwa nzuri. Mama Tone akaenda mjini kwa bintiye aliyejifungua. Kugeuka nyuma tu, shemeji akanunua mitamba zaidi bila kumwuliza mtu. Kisha akaenda kusimama lamboni, akaona maji ya ziada yanatoka kwa njia ya mawe, roho ikamuuma. Tamaa mbele, mauti nyuma. Akaita watu, wakaiziba njia ile kwa viroba vya mchanga, wakavikanyaga vikashikana.

Maji yakapanda, akafurahi. Mvua ikarudi, maji yakakosa pa kutokea, yakapanda juu ya mgongo wa tuta yakaanza kulila. Asubuhi palikuwa na tope, na pengo ambalo lori lingepita bila kugusa kando.

Mama Tone alifika na mkoba wake ungali mkononi. Akauliza nani aliyeweka viroba. Shemeji hakukana.

"Shemeji, si wewe unayetufundisha hata tone lisipotee?"

Mama Tone akautua mkoba kwenye tope. Kuchomwa kwa kisu chako mwenyewe kunauma mara mbili. Majirani nao wakaja kumpa pole, na mmoja, asiye na haya hata kidogo, akamwambia maji yakimwagika hayazoleki. Kiangazi kilikuwa mlangoni. Mama Tone akaanza kuuza ng'ombe aliowavuta mwenyewe kutoka matumboni mwa mama zao, na alijua kwamba tuta lisipoinuka kabla ya mvua zijazo, atauza na waliobaki, kisha ataiuza ardhi.

Jumapili shemeji akasimama mbele ya kanisa. Akaomba wawaombee, kwa sababu Mungu ameipima familia yao. Yeye ndiye aliyewapa lambo na yeye ndiye aliyelichukua. Watu wakaitika amina. Mama Tone akainuka pale kwenye benchi.

"Mungu usimsingizie," alisema. "Yeye alileta mvua, kazi yake akaimaliza. Tuta limevunjwa na viroba, na viroba vina mwenyewe. Kesho asubuhi uje na sepeto." Kisha akamgeukia mchungaji wa kanisa. "Nimemaliza. Endelea na ibada."

Ibada iliendelea kwa shida. Walipofika kwenye sala, pale pa kuwasamehe waliotukosea, Mama Tone alifunga mdomo, akaufungua baada ya mstari kupita. Mchungaji aliliona. Wiki ileile akaenda kumshauri aimeze hasira yake, kwa ajili ya Bwana.

"Mchungaji, hata hasira inataka pa kutokea," alimjibu akimmiminia chai. "Nikiiziba, itabomoa zaidi ya tuta."

Shemeji alikuja na sepeto. Lazima tumpe haki yake, alikuja, na kiangazi chote hakukosa. Aliuza ile mitamba yake mipya ili watu wa kazi walipwe. Walichimba na kushindilia bega kwa bega, wanasemezana kwa lazima tu: leta toroli, mwagia maji kidogo, hapo bado laini. Tuta likainuka, fupi kuliko la kwanza. Wakaviondoa viroba kwenye njia ya mawe, wakapanda nyasi mgongoni mwa tuta ili mizizi iushike udongo.

Mvua ikaja. Maji yakapanda mpaka kwenye mawe, yakaanza kumwagika. Shemeji alisimama pembeni.

"Shemeji, yanatoka," alisema kwa sauti ya mtu anayeibiwa.

"Yaache."

Akayaacha. Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa hakwenda mbele. Aliketi benchi moja na shemejiye, na Mama Tone akajisogeza kumpa nafasi. Wakasali. Walipofika pale pa kusamehe, shemeji akamtazama kwa jicho la pembeni. Mdomo wa Mama Tone ulifunguka, ukabaki wazi, mstari ukapita. Akainamisha kichwa akasema na Mungu peke yake, polepole, kama wanavyosemezana watu waliozoeana.

"Hapo, Baba, nisubiri. Nyasi za tuta bado hazijashika."