Aristeo Yescas na Chetezo cha Mama Yake

Kanuni yenyewe ilikuwa fupi. Tangu Februari mpaka mvua ya kwanza itiririshe maji kwenye korongo la nyuma ya kanisa, moto hauvuki jiwe la mpaka. Haikusema moto wa nani, wala wa kazi gani. Mkutano mkuu wa kijiji cha San Melitón uliipitisha kwa mikono iliyoinuliwa, na mmoja wa walioinua mkono alikuwa Aristeo Yescas, seremala, ambaye siku hiyo hakuwa na cheo chochote.

Ng'ambo ya jiwe ndiko uliko msitu wa zamani. Mababu hawakuukata kwa sababu chemchemi yetu inatoka humo, nasi hatuukati kwa sababu hiyo hiyo, ingawa siku hizi wageni wakija tunawapa sababu ndefu zaidi. Mbao na kuni tunazitoa upande wa chini, kwenye msitu wa kazi. Huku juu mti ukianguka unaachwa uozee ulipolala. Kila Machi, jua linapoanza kuuma, kila nyumba hutoa mtu mmoja wa msaragambo, na kwa wiki nzima watu hufyeka na kukwangua ukanda wa ardhi tupu kuuzunguka msitu, ili moto ukitoka mashambani ukose cha kula. Hakuna malipo. Asiyefika bila sababu hulala usiku mmoja kwenye selo ya kijiji. Mwalimu mkuu wa shule aliwahi kulala humo.

Aristeo hakuwahi. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono mipana, asiyependa maneno, na alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wengi: akipewa kazi aliifanya yote. Wengine walikwangua majani wakaacha mizizi. Yeye alirudi nyuma yao na jembe. Wakamwita Padri wa Mizizi. Wakati wa chakula, wakila maharage na tortilla, mikate yetu ya mahindi, zilizopashwa moto chini kule barabarani, walimtania, "Padri, njoo ubariki na kisiki changu." Alicheka nao, kisha akaenda kuking'oa kisiki.

Kanuni ilizaliwa na msiba. Mwaka mmoja mlevi aliyekwenda kurina asali aliangusha mwenge kwenye nyasi, moto ukapanda bonde mpaka ukingoni mwa msitu. Wanaume wote walikwenda kuupiga kwa matawi mabichi. Crisóforo, rafiki wa Aristeo tangu utoto, alishuka kwenye genge la humo msituni kufuata maji, na moshi ukamfungia humo. Aristeo ndiye aliyempandisha mgongoni, akiwa amekwisha kufa. Mkutano ulikaa watu wakiwa bado wanakohoa, na kanuni ikapita bila mtu kuuliza swali.

Swali lilikuwepo. Wakati ule kwetu mkutanoni waliketi wanaume wenye nyumba. Wanawake wa sala hawakuketi. Na wanawake wa sala ndio waliopanda mpaka kwenye chemchemi kila Sikukuu ya Msalaba Mtakatifu, mwanzoni mwa Mei, ardhi ikiwa kavu kama mfupa, wakawasha mishumaa na ubani na kumwomba mwenye maji aachilie mvua. Maneno yao yalikuwa ya Kizapoteki cha kale, ambacho hata sisi tunaokizungumza tunashika nusu yake tu. Aliyeyajua yote alikuwa mmoja, Doña Macedonia, mama yake Aristeo.

Aristeo alikuwa kitindamimba, na kwetu kitindamimba ndiye anayebaki na nyumba na wazazi. Mama yake alikula mezani pake kila siku. Aliinua mkono mkutanoni, akarudi nyumbani, akala naye chakula cha jioni, asimwambie kitu. Kosa lake ni hilo, na nalitaja waziwazi kwa sababu watu wanaosimulia habari hii hupenda kuliruka ili wamlaumu kwa lingine.

Miaka kadhaa kanuni na sala havikugongana. Mara mvua iliwahi. Mara mkuu wa ulinzi wa msitu alijikuta ana safari ya mjini siku ya sikukuu yenyewe, na kijiji kizima kilimtakia safari njema. Kisha mkutano ukamchagua Aristeo kuwa mkuu wa ulinzi. Cheo cha namna hiyo hakikataliwi kwetu, wala hakina mshahara. Mtu huacha randa yake na kukitumikia. Mwaka huohuo Aprili ilipita bila hata manyunyu, na mbegu zilikuwa zimelala ardhini kama changarawe.

Siku alipoleta nyumbani fimbo ya cheo, mkewe Delfina alikuwa anaosha mahindi. Hakumpongeza.

"Mei inakuja," alisema, "na mama yumo humu ndani."

"Kanuni anaijua."

"Nani alimwambia? Wewe?"

Aristeo alitundika fimbo ukutani.

"Mwambie leo," Delfina alisema. "Usije ukamwambia mbele za watu."

Hakumwambia. Kila asubuhi alitoka kutazama mawingu upande wa mashariki, akitumaini kuwa mvua ingekuja mapema imwondolee kazi hiyo. Mtu aliyezoea kung'oa kila mzizi safari hii aliuacha mmoja, tena nyumbani kwake.

Siku ya sikukuu alisimama kwenye jiwe la mpaka pamoja na walinzi wenzake wawili. Wanawake walipanda kwa mstari. Mama yake alikuwa mbele, chetezo cha udongo mkononi, bado hakijawashwa. Nyuma yake alikuwa Eduviges, dada wa marehemu baba wa Aristeo, amemkumbatia bata mzinga aliyefungwa miguu. Kisha wengine na maua, mishumaa na mtungi wa chokoleti. Walinzi wote wawili walivua kofia. Mmoja ghafla aliona kamba ya kiatu chake imelegea, akainama nayo kwa muda mrefu.

Aristeo aliubusu mkono wa mama yake, kama ipasavyo. Kisha akasema, "Piteni, mama. Maua yapite, bata apite, chokoleti ipite. Viberiti vibaki kwangu."

"Sogea, mwanangu. Jua linapanda."

"Ni kanuni ya kijiji. Moto hauvuki hapa."

"Kijiji kipi? Kwani mimi nimetoka kijiji gani?"

"Mwache, wifi," Eduviges alidakia. "Huyu siku hizi anaongea na miti. Desemba tutaona kama mwaloni utamkandia tortilla."

Wanawake wakacheka, na mlinzi wa kiatu naye akacheka huko chini alikoinama. Aristeo hakukasirika. Alimweleza mama yake kuwa amefagia mahali papana kando ya jiwe, na ndoo za maji ziko tayari; wawashe hapo, wasali hapo, yeye mwenyewe angekaa nao mpaka mwisho.

Doña Macedonia alipatazama hapo mahali. "Ukipiga hodi kwa jirani," alisema, "mwenye nyumba atajuaje kama umekuja?"

"Mama, Crisóforo alifia humo."

"Crisóforo aliuawa na moto wa mlevi. Mimi nimewasha humo tangu sijakuzaa. Umewahi kuona jani moja limeungua?"

"Moto haumjui aliyeuwasha."

Hapo kicheko kikaisha. Yule mama alibadilisha chetezo mkono, akasogea karibu na mwanawe. Aliposema tena alisema kwa sauti ndogo, lakini wote waliokuwa pale walisikia.

"Siku mlipokubaliana hayo, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukainua mkono?"

"Niliinua."

"Halafu ukaja nyumbani ukala na mimi."

"Ndiyo, mama."

Alikaa kidogo, kama anayengoja neno jingine. Angeweza kupewa. Kuomba radhi kwa kunyamaza si kuvunja kanuni, na mtu anaweza kushika kanuni kwa mkono mmoja na kumshika mama yake kwa mwingine. Aristeo alisimama wima, fimbo mkononi, akanyamaza, kwa sababu alidhani neno lolote la upole lingekuwa mlango wa kupitishia kiberiti.

Doña Macedonia alitoa kiberiti kifuani, akakiweka kwenye kiganja cha mwanawe na kumfumbatisha vidole. Alimfungua bata mzinga miguu. Yule ndege alijikung'uta, akavuka mpaka taratibu, akaingia msituni, na hakuna aliyemfuata. Wanawake waligeuka mmoja mmoja wakateremka. Chokoleti ilirudi nyumbani ikiwa baridi.

Siku hiyohiyo Doña Macedonia alifunga nguo zake ndani ya shuka na kuhamia kwa binti yake Zenaida, upande wa pili wa kijiji. Alipita katikati ya uwanja wa kanisa, watu wakiwa wametoka, ili aonekane. Mama anayeondoka nyumba ya kitindamimba wake hana haja ya kueleza lolote kwetu.

Mvua ilichelewa mpaka Juni ilipokaribia kwisha. Mashamba ya chini yaliota mahindi ya kimo cha goti, yakakaukia hapo. Milima yote ilikuwa na ukame mwaka ule, pamoja na vijiji vilivyowasha ubani wao bila kuzuiwa na mtu, na jambo hilo kila mtu alilijua. Hata hivyo walimlaumu Aristeo. Waliokuwa wa kwanza kumlaumu ni wanaume walewale walioinua mikono, ambao siku ya sikukuu walikuwa nyumbani wakichungulia dirishani. Mmoja alisimama mkutanoni akataka Aristeo avuliwe cheo. Mwenyekiti alimuuliza kama anataka na kanuni ifutwe. Yule mtu akasema hapana, kanuni ni nzuri. Akaombwa aketi.

Aristeo alimaliza muda wake. Machi iliyofuata alisimamia msaragambo, na mwezi uliofuata moto kutoka shamba la jirani ulifika kwenye ukanda wa ardhi tupu ukafia hapo. Hakupewa pongezi, na hakuzidai.

Alikwenda kwa Zenaida karibu kila Jumapili. Mama yake hakumfukuza. Alimpa kiti, akammiminia kahawa kwenye kikombe kinachotolewa kwa wageni, akamwita Bwana Mkuu wa Ulinzi. Alipokabidhi cheo kwa mwingine, bado aliitwa hivyo hivyo.

"Mama, mimi ni Aristeo," alimwambia siku moja.

"Najua kazi yako ni kubwa, Bwana Mkuu," alijibu. "Ongeza sukari."

Hapo ndipo mwishowe aliomba radhi. Si kwa ajili ya jiwe, bali kwa ajili ya ule mlo wa jioni. Zenaida alikuwa jikoni na alisikia. Anasema mama yao alisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, na kuuliza kama huko nyumbani wote ni wazima.

Baada ya hapo Aristeo alisimama mkutanoni, yeye asiyependa kusema, akapendekeza wanawake wa sala waketi pamoja na wanaume jambo la msitu linapojadiliwa, na siku ya sikukuu waruhusiwe kubeba chetezo mpaka kwenye chemchemi, wakisindikizwa na walinzi wenye maji. Watu walibishana sana. Mzee mmoja alisema, "Leo wanawake, kesho tutaketisha na punda." Eduviges, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimjibu kuwa punda wanaketi humo tangu zamani. Pendekezo likapita.

Aristeo alikwenda mwenyewe kumpelekea mama yake habari. Doña Macedonia alikuwa amelala kitandani, miguu imemvimba. Alimsikiliza, akageuza uso ukutani.

"Mlango alionifungia mwanangu," alisema, "haufunguliwi na mkutano."

Hakupanda tena. Eduviges na wenzake walimwomba awafundishe maneno. Aliwaambia maneno yale hufundishwa mbele ya maji, si kitandani. Walijitolea kumbeba kwa kiti. Alikataa. Alifariki Agosti, mvua ikinyesha, na sala ikaenda naye, kwa maana hakuna mwingine aliyeijua yote.

Wanawake bado wanapanda Mei, chetezo kikiwaka, walinzi wawili na maji nyuma yao. Wakifika kwenye chemchemi wanasema Baba Yetu.

Aristeo bado ni seremala. Nilimuuliza kama angesimama tena pale kwenye jiwe. Alisema angesimama, lakini jana yake angemwambia mama.

Msitu haujaungua tangu kanuni ipite. Kanuni hiyo, pamoja na jioni moja ya kunyamaza, ilimgharimu Aristeo miaka ya mwisho ya mama yake, na ilikigharimu kijiji sala ambayo sasa hakuna anayeweza kuisema.