Jina Lililobaki Chini ya Jina

Muniru alijifunza kuchonga herufi kinyumenyume kabla hajaweza kuziandika vizuri za kawaida. Aliyemfundisha ni sonara wa Kihindi pale Tororo, mzee Kanji, ambaye aliamini kuwa makosa ya wafu ndiyo mwalimu wa fundi. Kazi ikipungua, mzee alimimina mezani sarafu za kale alizorithi kwa babu yake, akampa Muniru kioo cha kukuzia.

"Tafuta kosa," alimwambia.

Makosa hayakukosekana. Sarafu moja maandishi yake yalisomeka kinyume, kwa kuwa mchongaji alisahau kwamba herufi iliyochongwa sawasawa kwenye chuma cha kupigia hutoka imegeuka kwenye fedha. Nyingine ilikuwa na mfalme mwenye pua mbili. Nyundo iliteleza ikarudia. Ipo iliyokuwa na uso uliotokeza upande mmoja, na upande wa pili uso uleule umezama ndani, kama wa mtu aliyebanwa ukutani. Lakini iliyomkosesha raha Muniru ilikuwa sarafu ya wafalme wawili. Mfalme mpya hakuyeyusha fedha ya aliyemtangulia, bali aliamuru ipigwe upya, sura juu ya sura. Ukiigeuza kwenye mwanga wa dirisha, chini ya shavu la mfalme mpya liliibuka jicho la yule wa kwanza, limekodoka.

"Hakutoka," mzee Kanji alisema. "Fedha ikipigwa inaumia mpaka ndani. Ukifuta, umefuta ngozi tu."

Wahindi walipofukuzwa mwaka 1972, mzee aliondoka na sanduku moja la nguo. Meza ya kazi na zile sarafu alimwachia Muniru.

Muniru akaendelea kuchonga mihuri ya parokia na ya vyama vya ushirika, majina kwenye vikombe vya mashindano, na maneno ya mapenzi ndani ya pete. Ndivyo alivyofahamiana na Oundo, karani wa kupima pamba, mtu wa Lunyo, aliyekuja na mkewe Benedeta ili aandikiwe jina nyuma ya saa mpya ya mkono. Siku hizo mkono wa Muniru ulikuwa umezama kwenye mihuri, na herufi N ikamtoka imegeuka. Aliona haya, akashika msasa aifute. Oundo alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Iache hivyo, fundi. Mtu akiniibia, nitaijua popote pale."

Mwaka 1977 Oundo alikataa kupitisha magunia ya wakubwa fulani bila kuyapima. Wanaume waliovaa miwani myeusi walimchukua barabarani mchana kweupe, wakamtia kwenye buti la gari. Waliokuwa karibu waligeuka wakatazama madirisha ya maduka. Baada ya hapo Benedeta alizunguka kwenye vituo na kambi, na kila alipofika aliulizwa kama ana uhakika kwamba mume wake hakumkimbia.

Siku moja, mvua ikitishia na kivuli cha mlima wa Jiwe la Tororo kimefunika paa za mji, mwanajeshi aliingia dukani kwa Muniru. Alikuwa kijana, nadhifu, ananukia marashi.

"Wewe ndiyo fundi ya kuandika majina?"

"Ndiyo, afande."

"Futa hii. Weka yangu."

Akaweka saa mezani, imelala kifudifudi. Muniru akainama na kioo chake, na ile N iliyogeuka ikamtazama.

 Alitamani kuuliza, na alijua kwamba atakayeuliza atalala panapolala mwenye saa. Basi akachukua kikwanguo, akakwangua, akapitisha msasa, akang'arisha kwa kitambaa. Kifuniko kikawa cheupe kama maziwa. Kisha, kwa mazoea ya kazi, akakipumulia ili aone kama kuna mkwaruzo.

Jina likarudi. Lilisimama ndani ya ukungu wa pumzi yake, OUNDO, na N yake imegeuka, halafu likayeyuka taratibu.

"Nini?" mwanajeshi aliuliza.

"Vumbi, afande."

Muniru alichonga jina jipya juu ya lile la zamani, herufi nene, za kina kirefu, kuliko alivyowahi kuchonga maishani, ili lisionekane kitu chini yake. Mwanajeshi aliipenda kazi. Alivaa saa, akafika mlangoni, akageuka.

"Umeona nini leo?"

"Nimeona saa, afande."

"Vizuri."

Jioni Muniru hakuweza kula. Mkewe, Hasifa, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga dirisha, ingawa joto lilikuwa kali.

"Yule mwanamke bado anampikia mumewe," alisema. "Baba Hajara, utaweza kuishi na hilo peke yako?"

Hakuweza. Alipanda lori la mihogo hadi Busia, na kutoka huko akaenda Lunyo kwa baiskeli ya kukodi. Alimkuta Benedeta akianua mtama. Alimweleza wakiwa wamesimama, maana hakuthubutu kuketi kwenye kiti cha Oundo.

Benedeta hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu.

"Ulilifuta lote, fundi?"

"Nililifuta, mama. Lakini lipo. Ukipumulia, lipo."

Akatikisa kichwa, akaendelea kuanua mtama mpaka ungo ukajaa.

Wazee wa ukoo walimzika Oundo alasiri ya mvua. Kwa kuwa mwili haukuwepo, walilaza kaburini shina la mgomba lililofungwa kwa shati lake. Hapakupigwa ngoma wala kilio, kwani kumlilia mtu aliyechukuliwa kulikuwa ni kuwashtaki waliomchukua. Waliopita njiani wakiuliza, waliambiwa kwamba watu wanapanda migomba. Muniru alisimama nyuma ya wengine, akasoma dua yake kimoyomoyo.

Aliporudi Tororo, jirani yake Owor, mshona viatu, alimvuta pembeni.

"Yule afande amerudi kukutafuta. Saa ameishika mkononi, anaitazama tu. Hakusema anataka nini."

Muniru na Hasifa hawakungoja kujua. Kulipokucha walivuka mpaka na binti yao Hajara, wakaanza upya Busia ya upande wa Kenya. Muniru alitengeneza kufuli na vitasa vya milango. Majina hakuchonga tena, hata alipobembelezwa na watu wa kanisa. Mkebe wa sarafu za mzee Kanji aliusukuma chini ya kitanda, na Hasifa akautafutia mahali pengine, nje ya nyumba, maana alichoka kumsikia mumewe akipumulia vijiko kabla ya kula.

Benedeta naye alivuka mara kwa mara kuuza dagaa sokoni. Alipomaliza alipita kwao, akanywa chai, wakazungumza habari za mvua. Jina la marehemu halikutajwa. Ila siku moja, akijifunga kanga aondoke kabla kizuizi cha mpakani hakijafungwa, alisema bila kumtazama yeyote:

"Goretti jirani yangu na yule mama wa ng'ambo ya mto, wanaume wao walichukuliwa pia. Mpaka leo wanalala mlango haujafungwa. Upepo ukiusukuma, wanaamka wanaitikia."

Muniru alimfungulia mlango.

"Mimi nafunga wangu," Benedeta alisema, akajitwika karai lake.