Tangazo la Kubeti Msibani

Mjomba wangu, kaka yake mama, alizikwa Songea, na mama hakuweza kusafiri kwa sababu ya nyonga. Binamu yangu, mtoto wa marehemu, akarusha mazishi mubashara kwenye chaneli yake ya video. Kwao kila ndugu wa damu hutupa udongo kabla koleo hazijaanza kufukia. Basi mama akakaa sebuleni kwetu Bunju, kanga kichwani, kisahani cha udongo mapajani, akingoja jeneza lishuke ili atupe pamoja na wenzake.

Jeneza likaanza kushuka. Mama akafumbata udongo. Ghafla likaingia tangazo, kijana anarukaruka na kupiga kelele tubeti tutajirike! Likafuata tangazo la sabuni, nalo halikubali kurukwa. Picha iliporudi, kaburi lilishakuwa tuta na watu wanapanga mashada.

"Wameshamfukia?" mama akaniuliza, udongo ungali kiganjani.

Nilichukia mpaka meno yakauma. Kesho yake nikaenda Tandale kwa fundi simu, akaniwekea programu nyingine ya kutazamia video, inayokata matangazo yote. Akanionya kwamba haipo kwenye duka la programu la simu na siku yoyote inaweza kugoma. Ikigoma nitarudi, nikamwambia. Nikaisambaza kwenye kundi la ukoo, kwa majirani, kwa dada wa saluni, hata kwa katekista. Kila aliyenishukuru alinipa raha ya kisasi.

Wiki ya tatu binamu akapiga.

"Dada, ishu gani tena? Video ya mzee watu wanaangalia, ila haiingizi hata mia. Umewawekea nini kwenye simu?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Matangazo aliyawasha yeye mwenyewe, juu ya kaburi la baba yake!

Matusi yalinijaa mdomoni, nikayaona madogo. Nikamwambia asubiri, shangazi yake anataka kumsalimia, nikaweka simu sauti ya juu. Mama hakuwa anajua lolote.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akubariki. Bila wewe nisingemwona kaka yangu hata kidogo. Wale wasio na haya na matangazo yao ndio walioninyima kumzika, wewe ulijitahidi."

Nikamsikia binamu akivuta kamasi. Nikaisogeza simu karibu zaidi na mdomo wa mama.

"Endelea, mama," nikasema. "Anakusikia."