Mkono wa Baba Mkwe

Nilipoolewa, baba mkwe wangu alikuwa ameshastaafu kazi ya reli. Miaka mingi alitia makaa kwenye treni za kwenda Sakania, na hata uzeeni mabega yake yalijaza mlango. Mke wake alikuwa amefariki, kwa hiyo alikaa nasi katika mtaa wa mji wetu uitwao Kenya, kwenye nyumba ya vyumba vitatu: yeye, mimi, na mume wangu ambaye alifanya kazi kwa zamu kwenye tanuru za shaba. Mji ulikuwa bado unaitwa Élisabethville. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na bendera mpya ilipepea posta. Watu walikuwa wanajifunza kuzungumza kwa sauti ya chini.

Tulimwita Tata, yaani baba. Alikuwa na ugonjwa wa presha, ambayo kwetu huitwa tansio. Daktari wa Kizungu aliyekuwa akimtibu aliishi Golf, mtaa wa Wazungu. Wazungu wengi walipokimbia, naye alifunga mizigo yake, lakini kabla ya kuondoka alimwachia Tata kipimo chake cha presha, ndani ya mfuko wa ngozi. Kilikuwa na kitambaa cha kufunga mkononi, mpira wa kubonyeza ili kujaza hewa, kioo cha duara chenye mshale kama saa, na mirija ya kusikilizia ya kutia masikioni. Alimwonyesha namna ya kujipima mwenyewe, akamwambia afanye hivyo kila asubuhi.

Tata alilishika agizo lile kama sheria ya reli. Saa moja kamili aliketi mezani, akakunja mkono wa shati, akajifunga kitambaa kwa kusaidiwa na meno. Alichomeka kisahani cha kusikilizia chini ya kitambaa, akajaza hewa, kisha akaiachia polepole huku amefumba macho. Mapigo ya damu yalipoanza kusikika, alifumbua macho na kusoma mshale. Halafu alitangaza, nyumba nzima isikie.

"Kumi na ine. Iko muzuri."

Kwetu tulihesabu presha kwa namba ndogo hizo. Kumi na nne, yaani mia moja na arobaini, kwa mzee kama yeye, ilikuwa ya kuvumilika. Nami nikiwa mlangoni pa jiko nilijibu, "Tumushukuru Mungu, Tata," nikaja kuweka kikombe cha chai mezani na kurudi nyuma. Alikichukua nilipokwisha kuondoa mkono. Ndiyo ilikuwa heshima yetu: mke wa mtoto hamgusi baba mkwe, hata kwa kidole, wala hali naye chakula. Sikuiona kuwa mzigo. Nilikuwa nimelelewa hivyo.

Lakini mimi ndiye niliyefua nguo zake. Mara ya kwanza nilipokuta damu kwenye foronya nilifikiri ni mbu. Mara ya tatu nilijua ni pua. Nikaanza kumwangalia kwa pembe ya jicho, nikaona jinsi alivyoshika shingo akiamka, na jinsi siku moja alivyosimama bombani akaegemea ukuta, ndoo ikajaa na kufurika bila yeye kufunga maji.

Nilimwambia mume wangu.

"Kipimo kinasema kumi na ine," akanijibu. "Kipimo ya daktari itabeya?"

Kubeya, kwetu, ni kusema uongo. Nikamwambia, "Kama kinabeya, miye sijue. Najua foronya."

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa muuguzi wa zahanati, mtu wa mkoa wa Kasai, mwembamba, msomaji, ambaye hakupita mbele ya mzee bila kuvua kofia. Mume wangu alimweleza. Jioni hiyo alikuja, akaketi na Tata, akakizungusha kile kipimo mkononi.

"Papa, hii chombo inakupima kila siku," akasema. "Yeye, nani alimupima?"

Tata akacheka. Hakuwahi kuwaza jambo hilo. Muuguzi akaeleza kwamba zahanati ilikuwa na kipimo kikubwa cha zebaki, na kwamba mshale unaweza kupotea kidogo kidogo bila mtu kujua. Wakakubaliana Tata akipeleke chake asubuhi, vilinganishwe.

Mume wangu alikuwa zamu ya mchana, kwa hiyo nilimsindikiza mimi. Tata alitangulia, mimi nilifuata hatua nne nyuma na mfuko wa ngozi. Karibu na soko askari walikuwa wameweka pipa barabarani kuzuia njia. Mmoja, kijana asiye na ndevu, aliufungua mfuko na kurudi nyuma alipoona mirija na mshale.

"Hii iko nini?"

"Iko ya kupima tansio," Tata akasema.

"Kupima tansio ya nani?"

"Ya muntu yoyote. Hata yako."

Askari alitazama wenzake, kisha akaweka bunduki begani, akaketi juu ya kreti, akanyoosha mkono. Tata alimfunga kitambaa bila haraka, akasikiliza, akasoma mshale. "Kumi na moja. Bado uko mutoto. Punguza sigara." Wenzake wakacheka, naye pia, na tukapita. Tulipofika mbali kidogo niliona mgongo wa shati la Tata umelowa jasho.

Kwenye zahanati, muuguzi alimkalisha kwenye kiti chenye mgongo na kumwambia asiseme neno. Tulikaa kimya mpaka pumzi yake ikatulia. Kisha akampima kwa zebaki, na namba ya juu ikawa kumi na nane. Akangoja, akaomba Tata ajipime mwenyewe, vilevile anavyofanya nyumbani.

"Kumi na ine," Tata akasema.

Nikajua kipimo kimeharibika. Lakini muuguzi alingoja tena, akachukua kipimo kilekile cha Tata, akatia mirija masikioni mwake yeye, akasikiliza. Akarudia. Kisha akarudi kwenye zebaki kwa mara ya mwisho. Aliposhusha mirija, alivuta kiti karibu.

"Papa, chombo yako haina kosa. Nimepata kumi na munane kwa hii, kumi na munane kwa ile. Kosa iko kwa masikio. Mashine ya treni ilikula masikio yako. Damu inaanza kugonga, wewe haujasikia. Unasikia tu wakati mushale imekwisha kushuka."

Tata alikitazama kile kioo. Nilijua kwamba tulikuwa tukimwita mara mbili mbili nyumbani, lakini hakuna aliyewahi kulitamka. Tata akauliza, "Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza."

Tulirudi na vidonge na amri ya kuacha samaki wa chumvi. Muuguzi alikuwa amesema pia kwamba lazima mtu mwenye masikio mazima ampime kila asubuhi, na mume wangu asubuhi alikuwa ama kazini ama amelala kama gogo. Nyumbani hakukuwa na mtu mwingine ila mimi. Sote watatu tulilijua hilo, na siku nne hakuna aliyelisema. Siku nne hizo saa moja ya asubuhi ilipita bila tangazo. Nilikosa ile sauti yake ya kumi na nne, ingawa nilijua haikuwa kweli.

Siku ya tano Tata alimwita dada yake. Shangazi alikuja na vitu vya desturi ya kuondoa mwiko, kuku mweupe chini ya kwapa na kikwembe kipya, yaani kitenge, akatuketisha Tata na mimi uso kwa uso, na majirani wawili wakiwa mashahidi. Akaniwekea kikwembe mapajani.

"Kaka yangu anafungua mulango," akasema. "Kuanza leo huyu hapana tena muke ya mutoto tu. Iko mutoto. Mukono yake ikimugusa baba yake, hakuna haya."

Tata akanyoosha mkono juu ya meza, kiganja juu. "Kamata, mama," akaniambia.

Sijasahau uzito wa mkono ule. Ulikuwa na alama ndogo nyeusi za makaa chini ya ngozi. Muuguzi alinifundisha kwa majuma mawili. Tulisikiliza kila mmoja kwa zamu yake, akificha namba yake mpaka niseme yangu. Mwanzoni niliachia hewa haraka, nikakosea. Siku tulipopatana mara tatu mfululizo alisema kwamba sasa anaweza kuondoka.

Sikuelewa kwamba alimaanisha kweli. Watu wa Kasai walikuwa wanatazamwa kama wageni katika mtaa walioujenga, na wengi walikwisha kuhamia kambini nje ya mji wakingoja treni ya kuwarudisha kwao. Alikuja kuaga kofia ikiwa mkononi. Tata alimshika muuguzi mabega yote mawili, akamwacha, akaingia ndani.

Tulibaki na asubuhi zetu. Nilimkalisha kwanza akae kimya, na hilo ndilo lilimshinda, kwani nikimaliza tu kupima maneno yalimtoka kama mvuke. Nilijua vituo vyote vya njia ya Sakania kabla sijapanda treni. Nilijua wapi mlima ulidai makaa mengi, na wapi mwanamke fulani aliwauzia viazi vya kuchoma dirishani. Vidonge na chakula cha chumvi kidogo vilishusha presha mpaka kumi na tano, na damu kwenye foronya ikakoma. Risasi zilipolia mjini ilipanda, na zilipotulia ikashuka. Niliandika zote kwenye daftari.

Alikufa miaka kadhaa baada ya Katanga kurudi Kongo, kwa homa ya mapafu, msimu wa baridi. Kwenye msiba wanawake wa mtaani walishangaa kuniona nimeketi kwenye mkeka wa mabinti zake, karibu na kichwa chake. Mmoja alitaka kuniinua. Shangazi akamzuia kwa mkono.

"Muache," akasema. "Hapa ndio pahali pake."